Mbebalawama wa Zamuzamu

Mwalimu Shekiondo alifikaje nchi ya Zamuzamu, hilo msiniulize. Yeye mwenyewe akiulizwa hukohoa, kisha huomba chai. Tushike tu kwamba alifika, akiwa na mwavuli, njaa, na kile kiburi kidogo cha mtu aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu.

Kitu cha kwanza alichokiona ni foleni. Watu walikuwa wamesimama kwa adabu mbele ya banda dogo pembeni mwa soko. Ndani ya banda, juu ya kigoda, alikaa mwanamume mwembamba ambaye vidole vyake havikutulia: vilikuwa vikigongagonga mapaja yake polepole. Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alimnyooshea kidole akaanza kumfokea. Paa lake linavuja, mchele umelowa, mume kapata mafua, na yote hayo ni kosa lako wewe, huna hata haya! Yule mwanamume akainamisha kichwa.

"Nimesikia, mama. Nakiri. Mwingine!"

Mama akaondoka uso umekunjuka, na nafasi yake ikachukuliwa na kijana aliyefeli mtihani. Baada ya kijana akaja mzee ambaye daraja lilimkatikia akiwa juu yake na mbuzi wake. Mzee aliokoka, mbuzi hakuokoka. Naye alifoka mpaka akaridhika.

"Huyu bwana amewafanyia nini?" Mwalimu Shekiondo alimwuliza mwanamke aliyekuwa akikaanga vitumbua mkabala na banda.

"Hajafanya kitu," alijibu mwanamke. "Huyo ni Chande, fundi wa ngoma. Ndiye Mbebalawama wetu wa mwaka huu. Kwani nyinyi kwenu mnamlaumu nani?"

"Tunamlaumu aliyekosa."

Mwanamke aliacha kugeuza kitumbua. "Kila mkosaji na lawama zake? Loh! Mnapata wapi muda?"

Mwanamke huyo aliitwa Bi Mwanatumu, na kwa kuwa mgeni njoo mwenyeji apone, alimchukua Mwalimu nyumbani kwake siku hiyohiyo. Njiani alimwonyesha mji. Walipita nyumba moja iliyoungua ubavu, na Mwalimu akaambiwa kwamba ndiyo nyumba yenye kodi kubwa kuliko zote mtaani.

"Imepigwa na radi mara tatu," alieleza Bi Mwanatumu kwa husuda ya wazi. "Radi imeshamaliza zamu yake hapo. Anayeishi humo analala usingizi wa mtoto."

"Bi Mwanatumu, radi haijui ilipiga wapi jana. Haiweki kumbukumbu. Inapokuja, inakuja upya."

"Ndiyo maana ikapiga mara tatu, ilikuwa inatafuta. Sasa imetosheka."

Mbele kidogo zilikuwapo zahanati mbili zinazotazamana. Ya kulia ilikuwa tupu, daktari wake amekaa mlangoni akipunga nzi. Wagonjwa wake wote wa mwezi ule walikuwa wamepona, kwa hiyo bahati yake ilihesabiwa kuwa imekwisha. Ya kushoto ilikuwa na watu mpaka barabarani, kwa sababu watatu walikuwa wamefia humo wakifuatana, na kila mtu alijua kwamba wa nne lazima apone. Mwalimu alitaka kusema kwamba kaburi la tatu huenda halilijui la pili, lakini yote matatu yanamjua daktari. Akaona yeye ni mgeni, akaendelea kutembea. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, alijisemea, na Firauni hakuwa mbali.

Baada ya magharibi majirani walikusanyika uani kwa Bi Mwanatumu kumwona mgeni. Bi Mwanatumu alitoa sinia lenye vitumbua kumi, akatangaza kwamba kimoja amekitia pilipili ndani. Atakayekiuma atalipa kwa hadithi. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yake, na alipokuwa akiitangaza uso wake uling'aa. Watu wakachukua, wakauma kwa tahadhari, wakacheka, wakachukua tena. Vitumbua tisa vikaliwa bila mtu kukohoa. Kikabaki kimoja, na wote wakamgeukia mgeni.

"Karibu, Mwalimu," alisema jirani mmoja. "Si ulisema bado una njaa?"

Mwalimu aliunyoosha mkono, akausimamisha hewani, kisha akaurudisha. Uani pakalipuka kicheko. Bi Mwanatumu alicheka mpaka machozi, akashika ukuta. "Mwalimu," alisema, "hata paka hali hicho!"

Usiku ule alimweleza mengine, sasa bila kicheko. Alikuwa mjane, na hakuwa na mtoto. Alichokuwa nacho ni kikaango. Mtu aliyeamka vibaya hupita kwake kwanza, akila vitumbua viwili hurudi kuwa binadamu. "Mimi nisipokaanga, Mwalimu, sijui mimi ni nani," alisema. Mwalimu akaikumbuka kauli hiyo kwa sababu iliyokuja kuonekana mapema mno.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Mtungi, siku ya kumpata Mbebalawama mpya. Mwalimu, ambaye hupenda kusoma masharti kabla ya mchezo, alikwenda asubuhi kwa Karani wa Baraza, mtu mpole aliyejibu kila swali kwa ukamilifu kana kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza lolote.

"Waheshimiwa wa Baraza ni kumi," alisema Karani. "Mtungini zimo gololi kumi: tisa nyeupe, moja nyeusi. Kila mheshimiwa anatia mkono. Atakayetoa nyeusi anakaa kigodani mwaka mzima. Anapokea lawama zote za nchi, na haruhusiwi kushika kazi yake ya zamani, maana mikono yake imeshachacha. Kila mkono una hatari ya moja kati ya kumi. Ndivyo sheria ilivyoandikwa."

"Mkono wa kwanza, sawa. Na wa pili?"

"Moja kati ya kumi."

"Lakini wa kwanza akitoa nyeupe, mtungini zimebaki tisa."

"Sheria haisemi zimebaki ngapi, Mwalimu. Inasema moja kati ya kumi."

Mwalimu alivuta pumzi. Karani, kwa kumhurumia, akaongeza kwamba zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Zamani kila aliyetoa gololi aliirudisha, mtungi ukatikiswa, ndipo mwingine akatia mkono wake. Mtungi ulikuwa uleule kwa kila mtu.

"Basi hapo sheria ilikuwa kweli!" alisema Mwalimu. "Mkono mmoja haukuuachia mwingine alama yoyote. Mbona mkaacha?"

"Ilisumbua. Miaka mingine wote kumi walitoa nyeupe, na nyeusi haikumwangukia mtu. Wananchi wakaja kufoka, wakakuta kigoda kitupu, wakaanza maswali." Karani aliyatamka maneno hayo kwa sauti ya chini. "Baraza likaamua gololi zisirudishwe, ili nyeusi itoke kila mwaka. Yale maandishi ya moja kati ya kumi hayakuguswa. Ni maandishi ya wahenga."

"Na ni waheshimiwa wangapi wamewahi kukaa kwenye kigoda hicho?"

Karani aliangalia dari. "Wawili, tena zamani. Walikuwa watu wenye afya njema."

"Afya inahusikaje?"

Hapo Mwalimu akafunguliwa kifungu cha mwisho. Mwenye zamu akiugua ghafla, anaweza kumwachia zamu yake mtu yeyote aliye karibu. Anayeachiwa hawezi kukataa isipokuwa naye awe mgonjwa, kwa sababu hapotezi kitu: anapokea moja kati ya kumi ileile ambayo mkubwa aliamka nayo asubuhi. Chande, yule fundi wa ngoma, mwaka uliopita alikuwa amekuja tu kukaza ngozi ya ngoma ya Baraza. Zilikuwa zimebaki gololi mbili mheshimiwa mmoja aliposhikwa na homa.

"Na ikiwa hakupatikana Mbebalawama mpya?"

"Haijawahi kutokea. Lakini wa zamani anamaliza jua linapozama, awepo wa kumpokea asiwepo. Nako kumeandikwa."

Alasiri uwanja ulijaa. Chande aliletwa na kigoda chake, vidole vikigonga mapaja. Mtungi uliwekwa juu ya meza yenye kitambaa chekundu, na waheshimiwa wakajipanga. Wa mwisho kabisa alikuwa Spika, Mheshimiwa Kitojo, mtu mwenye kitambi cha heshima, ambaye kila mwaka aliwapisha wenzake kwa unyenyekevu, akisema mkubwa hula mwisho. Watu walimsifu sana kwa hilo.

Mheshimiwa wa kwanza alitoa nyeupe, watu wakapiga makofi. Wa pili nyeupe, makofi. Mwalimu Shekiondo hakupiga makofi. Alikuwa akihesabu zilizobaki. Ya tano nyeupe. Ya sita, ya saba. Wa nane alitoa nyeupe akajifuta jasho. Wa tisa alianza kukohoa kikohozi kizuri cha maandalizi, lakini Spika alimtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji tafsiri, naye mkohozi akatia mkono akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua na kuona nyeupe, aliibusu gololi mbele ya umma.

Ikabaki moja. Na hapo Mheshimiwa Kitojo akashika paji la uso.

"Jamani," alisema kwa sauti dhaifu, "naona baridi."

Machela ilikuja upesi mno, kana kwamba ilikuwa nyuma ya pazia, na kweli ilikuwa nyuma ya pazia. Spika akalala juu yake, akanyoosha kidole kwa upole kumwelekea aliyekuwa karibu. Alikuwa Bi Mwanatumu, aliyekuja na sinia la vitumbua vya Baraza.

"Mama yangu, nakuachia zamu yangu. Leo wewe ni Mheshimiwa Mwanatumu."

Makofi yalitikisa uwanja. Bi Mwanatumu alitua sinia, akajifuta mikono kwenye kanga, akatabasamu kwa aibu. Hakuwahi kuitwa mheshimiwa hata kwa utani. Mwalimu alijipenyeza katikati ya watu akamfikia kabla hajaufikia mtungi.

"Usitie mkono! Iliyobaki ni nyeusi!"

"Mwalimu, usinitie mkosi. Ni moja kati ya kumi."

"Ilikuwa moja kati ya kumi asubuhi! Nyeupe zilikuwa tisa, na tisa zote zimetoka, umeziona kwa macho yako. Kila mmoja aliyetoa nyeupe alikupunguzia wewe nafasi ya kupona. Hii si radi, Bi Mwanatumu. Radi haikumbuki kitu, lakini mtungi unakumbuka kila kilichotolewa!"

"Kwanza mimi mwezi huu nimeibiwa kuku, nimeungua mkono na nimevunja kaango la pili," alisema Bi Mwanatumu kwa subira, kama anayemweleza mtoto. "Mabaya yamenitosha. Zamu yangu ya mema imefika. Hata wewe ungeona."

Wakati huo waheshimiwa walikuwa wamesimama. Mmoja alidai mgeni ashtakiwe kwa kuusengenya mtungi. Mwingine akasema mtungi hauwezi kusengenywa kwa kuwa hauna masikio. Wa tatu akauliza kama hauna masikio, unakumbukaje, akaongeza kwamba swali hilo pekee lilikuwa ushahidi kwamba mgeni ni mwongo. Wakapiga kura, mgeni akashindwa kwa kura zote, na askari wawili wakaanza kuja.

Mwalimu Shekiondo aliona mwisho wa maarifa yake. Miaka yote alisimama mbele ya ubao, na sasa ubao haukuwepo, na tarakimu zote alizozijua hazikuweza kuusimamisha mkono wa mwanamke mmoja mwema. Alitaka kulia. Macho yake yakaangukia sinia.

"Bi Mwanatumu," alisema taratibu. "Vitumbua tisa vimeliwa. Hakuna aliyekohoa."

"Hayo ni mapishi, Mwalimu. Huu ni mtungi wa Serikali."

"Kimebaki kimoja."

Bi Mwanatumu, kwa mazoea tu, akacheka. "Hata paka hali..."

Kicheko kikamwishia njiani. Aliutazama mtungi. Akamtazama Chande juu ya kigoda, vidole vyake vikipiga ngoma isiyokuwepo. Kisha akamtazama Spika aliyelala kwenye machela, jicho moja likiwa wazi. Mwalimu alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona mwanafunzi akielewa somo kwa uso wa namna ile. Ulikuwa uso wa mtu anayezihesabu upya siku zake zote.

Askari walikuwa wameshamshika Mwalimu mabega. Bi Mwanatumu akaupandisha mkono wake polepole, lakini haukwenda mtungini. Ulikwenda kwenye paji la uso.

"Karani," alisema, "nami naona baridi."

Karani alifungua sheria, akasoma, akasoma tena, akasema kwamba Mheshimiwa Mwanatumu ana haki ya kuugua.

"Basi namwachia aliye karibu." Akamshika bega yule mheshimiwa wa tisa. "Kaka yangu, pokea. Hupotezi kitu. Ni moja kati ya kumi."

Mheshimiwa wa tisa alikuwa na kikohozi tayari ambacho hakukitumia. Akakohoa, akamwachia wa nane. Wa nane akashika kiuno, wa saba akashika tumbo. Homa ikashuka jukwaani, ikaingia kwa umma. Muuza maji alimwachia mshonaji, mshonaji akamwachia shemeji yake, na kila aliyeachiwa aliutazama mtungi mara moja tu kisha akalala chini. Watu walewale waliopiga makofi tangu alasiri, wakisema moja kati ya kumi ni kitu gani, hakuna hata mmoja aliyetaka kuijaribu. Askari waliokuwa wamemshika Mwalimu wakamwachia ili nao wapate mahali pa kulala.

Mheshimiwa Kitojo hakuweza kuvumilia. Alisimama juu ya machela akanguruma: "Haiwezekani nchi nzima iugue! Huu ni uasi! Hamjui sheria? Mkono wowote, wakati wowote, ni moja kati ya kumi!"

"Alhamdulillahi," ilisema sauti kutoka kwenye kigoda. Ilikuwa ya Chande, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kusema jambo lisilokuwa la kukiri. "Mheshimiwa amepona."

Vichwa vikainuka uwanja mzima. Spika akajitazama, akajiona amesimama, mwenye nguvu, sauti imejaa. Mtungi ulikuwa hatua chache tu mbele yake.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Bi Mwanatumu akiwa amelala kwenye kanga yake. "Zamu ilikuwa yako."

Mheshimiwa Kitojo aliutazama mtungi kwa muda mrefu. Watu nao walimtazama yeye. Akakunja magoti, akajilaza tena kwenye machela, na kujifunika shuka mpaka kichwani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwalimu Shekiondo anasema kuanzia hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa lolote kuhusu gololi.

Karani alibaki peke yake amesimama, kwa kuwa sheria haimruhusu Karani kuwa na zamu. Akageuka, akamwona mgeni. "Mwalimu," alisema kwa haya, "wewe uko mzima?"

Mwalimu Shekiondo, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kukosa kipindi kwa ugonjwa, aliukunja mwavuli, akauweka chini ya kichwa, akalala.

Jua likazama hivyo. Chande aliinuka kutoka kwenye kigoda, akanyoosha mgongo, akawapita wenzake waliolala mmoja mmoja kwa uangalifu asiwakanyage, akaenda zake nyumbani. Haukupita muda ngoma ikasikika. Mwanzoni iligugumia, kwa kuwa mikono ilikuwa imesahau, kisha ikakaa sawa. Bi Mwanatumu aliisikia akiwa angali chini, na hakujificha, alilia.

Asubuhi foleni ilikuwepo kama kawaida. Mazoea yana tabu. Wa kwanza alikuwa yule mzee wa mbuzi, aliyeona kwamba hasira yake haikuisha yote ile siku ya kwanza. Alinyoosha kidole, akafungua mdomo, na mbele yake palikuwa na kigoda kitupu. Akaufunga mdomo. Akasimama pale akifikiri mpaka walio nyuma wakaanza kulalamika.

"Hivi," aliuliza hatimaye, bila kumwuliza mtu maalumu, "lile daraja lilijengwa na nani?"

Jibu lilipita mdomo kwa mdomo kutoka nyuma ya foleni mpaka mbele. Mzee alipolisikia, alivaa kofia yake vizuri. Foleni ikageuka bila mtu kumpita mwenzake, ikaanza kupanda kilima kuelekea kwenye nyumba kubwa yenye mabati mapya. Bi Mwanatumu aliifuata pembeni na ndoo ya vitumbua, na aliuza vyote kabla ya kufika juu. Havikuwa na pilipili hata kimoja.

Walipobisha hodi, mtumishi alifungua dirisha akasema kwamba Mheshimiwa Spika hawezi kuonana na mtu, ana homa. Na Karani, aliyeingia ndani kuhakikisha, alitoka akathibitisha kwamba safari hii ilikuwa ya kweli.